Kahawa Inayopumua

Inspekta Kobe hakuwa mnywaji wa kahawa. Alikuwa mtu wa chai, tena chai iliyopoa, maana hata kikombe alikuwa hakikimbilii. Wenzake kituoni ndio waliombandika jina hilo kwa sababu ya mwendo wake, naye akalipokea bila kinyongo, akisema kobe hachelewi kufika nyumbani kwa kuwa anatembea nayo. Lakini siku hiyo, ikiwa imebaki siku moja mke wa Mwonjaji, mwonja kahawa wa mnadani, afikishwe kwa hakimu kwa kesi ya kumuua mumewe, Kobe alikunywa kahawa nyingi kuliko alivyokunywa mwaka mzima, na kila kikombe kilimsogeza karibu na jambo asilopenda kuliamini.

Alianzia mahabusu. Mke wa Mwonjaji alikuwa ameketi juu ya benchi la saruji, mikono ameikunja kifuani, wala si kwa baridi. Mbele ya blauzi yake palikuwa na madoa mawili mabichi. Alikuwa na mtoto wa miezi minane ambaye hakuwa amemtia machoni tangu alipokamatwa.

"Maziwa hayana habari kwamba nimefungwa," alisema alipoona Kobe anakwepesha macho. "Nayakamua, namwaga chooni. Uliza, Afande. Umekuja kuuliza."

"Nieleze tena ya usiku ule."

"Nimeeleza mpaka ulimi umeota sugu. Nilimwambia nimechoka, nataka talaka, na mtoto naondoka naye. Hakugomba. Aliosha kikombe chake, akakifuta, akasema, 'Mtoto hutoki naye humu.' Nikamchukua mwanangu nikaenda kulala kwa dada. Asubuhi narudi kufuata nguo, damu sakafuni, yeye hayupo. Mkanikuta napiga deki."

"Kwa nini ulipiga deki?"

"Wewe ukikuta damu jikoni kwako asubuhi, mtoto anatambaa, utafanya nini? Utaizungushia kamba?"

Koplo, msaidizi wa Kobe, mwanamke mfupi mwenye ulimi usiokaa kinywani, aliguna. Yeye alikuwa upande wa mahabusu huyu tangu mwanzo, lakini kuwa upande wa mtu si ushahidi. Ushahidi ulikuwa mwingine kabisa. Damu ya sakafuni ilikuwa ya Mwonjaji. Damu ya Mwonjaji ilikuwa pia kwenye kitambaa cha kichwa cha mkewe, kilichokutwa kimesokotwa chini ya sinki. Kiatu chake kimoja kiliokotwa darajani, na mto wakati ule ulikuwa umejaa. Maiti haikupatikana. Ilikuwa imepita miezi miwili, na kesho hakimu angeamua mambo mawili kwa mpigo: kesi iendelee, na mtoto akae kwa bibi yake mzaa baba, ambaye alikuwa ameshamchukua na ameshaomba rasmi.

"Mumeo alikuwa mtu wa namna gani?" aliuliza Kobe.

"Ulimi," alisema mwanamke. "Alikuwa ulimi wenye miguu. Kazini anaonja kahawa za watu kabla hazijapigwa mnada, akirudi nyumbani anaonja zake. Iwe ya shamba moja, mteremko mmoja. Aikaange mwenyewe, aisage mwenyewe, aipime kama dawa. Ikipita mwezi tangu ikaangwe, haigusi. Anasema imekufa. Mjomba wangu alituletea kahawa siku moja kwa moyo mweupe, akaivuta mara moja, akaitema mbele yake."

"Akaivuta?"

"Hanywi kama sisi. Anaivuta pamoja na hewa, fsssrup, mpaka jirani anajua. Wanasema ndiyo inavyosambaa ulimini, wote wa kazi hiyo wako hivyo. Miaka sita nimemwomba, mbele za watu unywe kistaarabu. Hawezi. Ni sawa na kumwambia mtu apige chafya kimyakimya." Aliangalia madoa yake. "Afande, mwanangu hali chupa. Mama mkwe anamlisha nini?"

Kobe aliaga, akatoka.

*

Mama mkwe alikuwa amewaambia polisi kwamba mkwewe ana bwana, na bwana mwenyewe ni Mkaangaji, yule mwenye duka la kahawa karibu na stendi. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja, basi Kobe akaenda kulitazama kama lipo.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu kilichojaa magunia, na katikati pipa la kukaangia likizunguka taratibu juu ya moto wa gesi. Mkaangaji alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kovu jipya la kuungua lililoanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

"Bwana wa mke wa Mwonjaji!" alijitambulisha mwenyewe kabla hajaulizwa. "Habari zangu nazipata mtaani kama kila mtu. Afande, yule dada alikuja hapa mara moja tu maishani, kunigombeza. Alisema nisimuuzie tena mumewe buni, nyumba imekuwa maabara. Kama hayo ndiyo mapenzi, basi mimi napendwa na mji mzima."

"Na usiku ule ulikuwa wapi?"

Mkaangaji alinyoosha mkono wenye kovu. "Hospitali, wodi ya walioungua. Hili pipa lilinibusu. Nililala huko wiki nzima, waulize manesi, walinichoka."

Koplo alikuwa ameshawauliza, jana yake. Alimtazama Kobe, akaitikia kwa kichwa: ni kweli. Njia hiyo ikafungwa hapo hapo. Kobe angeweza kuondoka, lakini alikuwa na desturi ya kukaa kidogo kwenye njia iliyofungwa, maana watu huongea vizuri zaidi wakishajua hawashukiwi.

"Nifundishe hiyo kahawa yake," alisema. "Nimeona vyombo vyake jikoni, sikuelewa hata kimoja."

Hakuna jambo ambalo Mkaangaji angependa zaidi. Alimkalisha kwenye kigoda, akachota buni kutoka kwenye kifuko, akampa anuse. Kobe alinusa akidhani atasikia harufu ya kahawa, akasikia ya tunda lililoiva.

"Ya shamba moja, Afande. Imekaushwa kivulini na tunda lake. Ukichanganya za huku na za kule unapata kahawa isiyo na kwao, na isiyo na kwao haikuambii kitu. Hii inakuambia ilikotoka, mvua ilivyonyesha, na kama aliyeichuma alikuwa na haraka." Aliipima kwenye mizani ndogo, akaisaga kwa kinu cha mkono, si laini si kubwa, mfano wa chumvi ya mawe. Akaweka karatasi kwenye chujio la kauri, akaimwagia maji ya moto kwanza na kuyatupa, ili kahawa isinuke karatasi. "Maji yakichemka, yaache yavute pumzi kidogo. Halafu unamwaga kiasi cha kulowesha tu, unasubiri. Tazama sasa."

Kobe akatazama. Kahawa iliyolowa ilianza kuumuka. Ilifura, ikapanda mpaka karibu na ukingo, ikatoa vipovu vikubwa vilivyopasuka kimoja kimoja.

"Inapumua," alisema Mkaangaji. "Nimeikaanga juzi, bado ina hewa yake ndani. Kila siku inapungua. Sasa njoo uone maiti." Alichukua kifuko kingine kilichofifia rangi. "Hii imekaa rafuni tangu mwaka jana, naitunza kuwafundishia wateja wabishi." Alifanya vile vile, hatua kwa hatua. Maji yalizama, unga ukalala kama tope, hapakuwa na kipovu hata kimoja.

Kobe alionja zote mbili. Ya kwanza ilimshangaza. Ya pili ilikuwa na ladha ya mbao.

"Ikipita miezi miwili tangu ikaangwe?" aliuliza, maana majirani walikuwa wameripoti kituoni kwamba nyumba ya Mwonjaji bado inanukia kahawa yake.

"Ikiwa mtungini, inafunguliwa kila siku? Hiyo haipumui tena, Afande. Ikipumua miezi miwili baadaye, kamwite mganga."

Kobe aliomba apewe kile kifuko cha maiti. Mkaangaji alimpa bure, akasema hajawahi kuona askari anayeomba kitu kibovu.

*

Nyumba ya Mwonjaji, ambako mama yake alikuwa amehamia na mtoto, ilikuwa mwisho wa kichochoro, ya zamani, yenye dari la mbao na madirisha ya wavu. Mawingu yalikuwa yameshuka, mchana ukawa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Jirani alikuwa anaanua nguo upande wake wa ukuta, na alipowaona alishusha sauti.

"Mnaingia humo? Mimi kitanda cha wanangu nimekiondoa ukutani. Kila siku jua likianza kulala, harufu ya kahawa. Ileile yake. Na huyo mama hanywi kahawa, ana presha, kila mtu anajua. Sasa anayekunywa ni nani?"

"Labda anapika tu kwa kumkumbuka," alisema Kobe.

"Kumkumbuka ni harufu, baba. Lakini kinachopumua huko ndani usiku nacho ni kumbukumbu?" Jirani alikusanya nguo zake, hata zilizokuwa bado mbichi, akaingia ndani.

Koplo alikohoa. "Afande, mimi majambazi nawaweza. Hawa wa upande wa pili sijasomea."

"Tulia. Wa upande wa pili hawahitaji kupikiwa."

Mama alifungua mlango kabla hawajabisha. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, mtoto mgongoni, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmekuja wakati wake."

"Wakati wa nani, Mama?"

"Wa mwanangu," alisema, kama mtu anayesema maji yamechemka.

Aliwapeleka kwanza kwenye chumba cha kulala cha Mwonjaji. Kitanda kilitandikwa, pembeni ya kabati la nguo refu lililofika karibu na dari. Juu ya meza ndogo palikuwa na kikombe cheupe kisichokuwa na mkono, na kiti kimevutwa kidogo, kama kinamsubiri mtu akae. Chumba kilikuwa cha baridi kuliko nyumba nzima. Kikombe kilikuwa kitupu, ndani kimebaki na duara jembamba la kahawia.

"Hiki ni cha asubuhi," alisema Mama. "Nampikia asubuhi na alasiri, kama alivyozoea. Nakiweka hapa, nafunga mlango, naondoka na mtoto uani. Lazima nitoke. Akihisi mtu, haji. Nikirudi, kimekauka."

Koplo alirudi nyuma hatua moja, mgongo wake ukagusa mlango, akaruka.

"Huogopi, Mama?" aliuliza Kobe.

"Nimwogope niliyemzaa? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yule mwanamke amenichinjia mtoto, lakini roho yake hajaiweza." Machozi yalimtoka kweli, na Kobe, aliyeona machozi mengi ya kuigiza katika maisha yake, aliona kwamba haya hayakuwa ya kuigiza. Huyu mama alikuwa anaogopa kitu. Kobe alimhurumia, na hilo lilimsumbua.

Akamwomba aone jikoni. Vyombo vyote vilikuwa vilevile Kobe alivyoviona miezi miwili iliyopita: birika lenye mdomo mwembamba, mizani, kinu, chujio la kauri. Na mtungi wa kioo wenye buni, juu ya kifuniko pameandikwa kwa chaki tarehe ya kukaangwa. Tarehe ilikuwa ya siku chache kabla Mwonjaji hajapotea.

"Ni hii unayompikia?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ya mwisho aliyoikaanga kwa mkono wake. Naitumia kwa kuibania, ikiisha sijui atakunywa nini."

"Na hakuna aliyekaanga nyingine hapa tangu wakati huo?"

"Nani akaange? Mimi hata harufu yake inanipandisha presha."

Kobe alisogea dirishani kupata mwanga. Kwenye wavu wa dirisha, upande wa ndani, kulikuwa na vitu vidogo vyepesi vimenasa, vyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, rangi ya dhahabu. Alikitoa kimoja kwa kucha. Makapi. Buni ikikaangwa hutoa makapi, na upepo kidogo tu huyarusha. Asubuhi ile Mkaangaji alikuwa nayo mpaka kwenye nyusi. Dirisha hili lilikuwa limefutwa na polisi wenyewe walipotafuta alama za vidole. Nje, kwenye kamba ya uani, ilining'inia fulana ya kiume, bado inadondosha maji.

Kobe aligeuka, akatabasamu.

"Mama, nimejifunza kupika kahawa leo. Niruhusu nionje hii ya kwake, nimjue kidogo marehemu."

Mama alisita, lakini mgeni akiomba kikombe, utamnyima kwa sababu gani? Akapisha. Kobe akapima, akasaga, akalowesha karatasi, akayaacha maji yapoe kidogo, yote kwa mwendo wake ule wa kukera. Akamwaga maji ya kulowesha tu. Akainama.

Kahawa ilifura. Ilipanda polepole kwenye chujio, ikatoa vipovu vinene, vikapasuka mbele ya pua yake kimoja baada ya kingine. Jikoni kulikuwa kimya kiasi kwamba Koplo aliyekuwa mlangoni alivisikia.

"Mbona inafanya hivyo?" aliuliza Koplo kwa sauti ndogo.

"Inapumua," alisema Kobe. Alimaliza kumwaga, akanywa, akasifu. Kisha akauliza bila kugeuka, "Mama, unapimaje?"

"Gramu kumi na tano. Maji yasiwe ya kuchemka sana, yatachoma."

"Nani alikufundisha?"

"Nilikuwa namtazama," alisema Mama, lakini jibu lilichelewa kidogo kuliko majibu yake mengine.

Kobe aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Roho haichagui, aliwaza; roho ingepokea hata harufu. Mtu anayekataa kahawa ya mwezi mmoja, mpaka mama yake ahatarishe shingo kuikaanga upya na kuificha kwenye mtungi wenye tarehe ya zamani, huyo ana ulimi. Na ulimi huwa ndani ya kinywa, na kinywa kina mwenyewe. Dari walilipekua, ndiyo, lakini miezi miwili iliyopita, walipokuwa wanatafuta mfu.

"Koplo," alisema, "hebu nenda na Mama uani akueleze habari ya ile fulana. Kikombe cha marehemu leo nitakipika mimi. Nimeshapata mkono."

"Mwanangu, hicho nakipika mimi mwenyewe."

"Mama, umechoka, na mtoto amekulemea mgongoni. Niachie."

Koplo akamshika Mama mkono kwa upole usiokataliwa, wakatoka. Kobe akatoa mfukoni kifuko kilichofifia. Akasaga buni za mwaka jana. Akamwaga maji, na unga ukalala kama tope, hakuna kilichopumua. Kahawa iliyotoka ilikuwa nyeusi, ina moshi, ina joto. Kwa jicho haikuwa na tofauti yoyote. Mama aliporudi alikipokea kikombe, akakipeleka chumbani kama kawaida yake, akafunga mlango.

"Haya, Mama, sisi tunaondoka," alisema Kobe kwa sauti kubwa akiwa sebuleni. "Tutaonana kesho mahakamani. Mungu akupe subira."

"Kwa heri, Mama," alipaza Koplo, akatoka peke yake. Mlango ulifungwa kwa kishindo. Gari liliwaka, likanguruma kichochoroni, likapotea.

Kobe alikuwa bado sebuleni. Alikuwa amevua viatu. Aliketi kwenye kiti cha mbao taratibu sana, kiti hakikulia, akamwonyesha Mama kwa kidole akae mbele yake. Mama alibaki amesimama. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ondoka," alinong'ona. "Akihisi mtu, haji."

"Basi asihisi," alinong'ona Kobe. "Mama, sikiliza. Mimi sijui kitu, nabahatisha tu. Nabahatisha kwamba kuna mtu anasubiri kesho. Hakimu akishasema mtoto abaki kwako, huyo mtu ataondoka zake mbali, akaanze upya, na siku moja atakuita umpelekee mtoto. Alijikata mkono mwenyewe ili damu iwe yake kweli. Kiatu alikitupa yeye. Wewe hukupanga. Wewe uliambiwa mambo yakiwa yameshafanyika, nawe ukaogopa kumkosa mjukuu, ukakubali kupika kahawa."

Mkono wa Mama ulikuwa umeshika nguzo ya mlango, na mdomo ulikuwa umefunguka. Ukelele mmoja tu ungetosha, hata kikohozi. Kobe alijua hilo, na hakuwa na namna ya kumzuia isipokuwa maneno.

"Kama nimekosea, kikombe kitabaki kimejaa," alisema, "nitavaa viatu vyangu nitaondoka, na kesho mama wa huyu mtoto atapelekwa gerezani. Leo nimemwona. Maziwa yanamwagika kifuani, anayatupa chooni. Kaniuliza jambo moja tu: mwanangu anakula nini?"

Mtoto aliamka. Hakulia. Alijikunyata mgongoni, akatafuta, na Mama kwa mazoea akafungua nguo ya kumbebea, akamleta mbele. Kitoto kiligeuza uso kwenye kifua cha bibi yake, kikafungua mdomo, kikabonyeza, kikapekua upande mmoja, kikapekua wa pili. Hapakuwa na kitu. Kilikuwa kimekonda shingo. Kiliinua macho kumtazama bibi, bila hasira, kikaanza tena upya upande wa kwanza.

Mama alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akafunga mdomo wake, akakaa chini.

Nyumba ilinyamaza. Nje mawingu yalikuwa yamekaa juu ya paa kabisa. Kobe alihesabu pumzi zake mwenyewe, akaacha kuhesabu. Kisha juu ya dari ubao mmoja ulilia, ukanyamaza, ukalia mwingine mbele yake, kuelekea chumbani. Kitu kilikwaruzwa. Juu ya kabati palikuwa na uzito, halafu uzito ukahamia sakafuni, mwepesi, wa miguu iliyokwisha kuzoea kutosikika. Kiti kilivutwa kidogo.

Kimya.

Halafu, nyuma ya mlango uliofungwa, ikasikika wazi kama ilivyosikika katika nyumba ile kwa miaka sita.

*Fsssrup.*

Na mara tu baada yake, sauti ya kutema.

"Mama," ilisema sauti ya mwanamume, ya chini, yenye kinyongo cha mtu aliyepewa kisicho haki yake. "Mama, hii kahawa imekufa."

Kobe hakusimama bado. Kupitia dirisha alimwona Koplo, aliyekuwa ameacha gari mwisho wa kichochoro, ameshafika uani, ameshikilia ile fulana mbichi mkononi. Mama mwenyewe ndiye aliyesimama. Alimweka mtoto begani, akaenda mpaka mlangoni kwa mwanawe, lakini hakuufungua. Aliongea kwa sauti ya kawaida, ile ya mama anayemwita mtu mezani.

"Toka, mwanangu. Mtoto ana njaa, anamtaka mama yake."